Upande wa Kulia

Sikio la kushoto la Cheche lilikuwa linakufa, na kwa miezi minane hakumwambia mtu.

Cheche ni jina la kazini. Alikuwa fundi wa mageti, miaka thelathini na minane, mabega kama mlango wa stoo, na kila alipopita aliacha harufu ya chuma kilichoungua. Sikio lilianza kwa mlio, kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Baadaye mlio ukabaki, sauti za watu zikaondoka. Akajifunza ujanja. Akikaa na mteja, anamweka kulia. Akipokea simu, kulia. Anayemsemesha kwa kushoto hajibiwi, na watu wakaanza kusema fundi siku hizi anaringa.

Dada yake ndiye aliyemkamata. Alikuwa mshonaji, na chumba chake cha cherehani kilipakana na karakana. Siku moja alisimama kushoto kwa mdogo wake, akamtukana, na mdogo wake akaendelea kupima bomba kama hakuna kilichotokea. Dada akazunguka kulia.

"Nimekuita mbuzi mara tatu."

"Lini?"

"Mtu akiitwa mbuzi hukasirika. Wewe unapima bomba. Kesho hospitali! Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi sina gauni la msiba linalonitosha."

Daktari wa masikio alimpima, akakunja uso, akamwandikia kipimo cha MRI. Ndivyo Cheche alivyojikuta asubuhi ya Jumanne kwenye ukumbi wa idara ya picha, umejaa watu hadi mlangoni. Mabenchi ya plastiki, bahasha kubwa mapajani, mtoto analia, mzee anauliza kwa mara ya nne kama jina lake limeitwa. Akapewa fomu. Akaijaza haraka haraka, hapana, hapana, hapana, ili amalize arudi kazini.

Mlango ukafunguka, akatoka mtaalamu wa mashine, mwanamke aliyevaa sare ya kijani, amefunga nywele kwa kitambaa laini. Hakuwa na hereni. Hakuwa na saa, bangili, pete wala kibanio. Hata mkanda wake ulikuwa wa kamba. Cheche akajisemea kwamba huyu ama ameibiwa njiani, ama hana mtu wa kumnunulia. Lakini uso wenyewe haukuhitaji pambo.

"Nani fundi wa mageti?"

"Mimi."

"Swali la tano. Umewahi kuingiwa na chuma jichoni? Umeandika hapana."

"Hapana ni hapana."

Mwanamke hakuangalia fomu. Aliangalia mikono ya Cheche, yenye nukta nyeusi za moto kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko.

"Umechomelea miaka mingapi?"

"Ishirini na mmoja."

"Na hizo nukta ulizipata ukisuka mikeka?"

Benchi zima likacheka. Cheche akahisi masikio yanawaka, lile zima na lile bovu.

"Dada yangu, niko hapa tangu saa moja. Nimevua mkanda, nimevua viatu, bado kidogo nivue meno. Nipitishe."

"Sikupitishi."

"Kwa nini?"

"Mle ndani kuna sumaku, na haizimwi hata siku moja. Kiti cha chuma huruka kama karatasi. Ukiwa na kipande jichoni, hata nusu punje ya mchele, itakivuta, na kitakata chochote kitakachokutana nacho. Utaingia na macho mawili, utoke na moja. Nenda CT kwanza, picha isiyo na sumaku."

"Nikikataa?"

"Ukikataa utabaki na hasira na macho mawili. Chagua."

Akaenda, akinung'unika. CT ilikwisha upesi kuliko alivyofunga kamba za viatu. Daktari wa picha akamwita kwenye kioo cha kompyuta, akamwonyesha fuvu lake mwenyewe, vipande vipande kama mkate. Pembeni ya jicho la kulia palikuwa na nukta nyeupe, inayong'aa kuliko mfupa.

"Hicho ni chuma," daktari alisema. "Unakikumbuka?"

Alikikumbuka vizuri sana. Miaka tisa nyuma gurudumu la grenda ya kukatia chuma lilipasuka, kitu kikampiga jichoni. Alinawa kwa maji ya bomba, akamaliza geti. Hakuwa amesahau hata wakati anajaza fomu. Aliogopa tu kurudishwa nyumbani.

Akamkuta yule mwanamke koridoni.

"Mtaalamu."

"Ndiyo, fundi."

"Nilidanganya."

"Najua. Mafundi wote hudanganya kwenye swali la tano. Wanaorudi kukiri ni wachache."

"Nikushukuruje?"

"Vaa miwani ya kazi."

"Nyingine?"

Akafikiri. "Geti la nyumbani kwangu komeo limelegea."

"Nakuja leo."

"Njoo jicho likipona. Sitaki fundi wa jicho moja."

Daktari wa macho alikitoa kipande kile na kumpa ndani ya kichupa. Wiki ya tatu komeo likatengenezwa. Wiki ya nne likatengenezwa tena, ingawa halikuwa limeharibika. Simu zikaanza.

"Umekula, Cheche?"

"Nimekula. Nimevaa miwani. Nimelala kwa saa nane. Una swali la nne?"

"Unanikumbuka?"

"Hilo usiliweke kwenye fomu. Utajua nadanganya nikisema hapana."

Jumapili ya kwanza walipotoka kutembea, Cheche hakumtambua. Mtaalamu alikuja na gauni jekundu, hereni kubwa kama bawaba, na bangili zilizojaa mkono mzima zikigongana kila hatua.

"Mama yangu! Nilidhani huna hata kibanio."

"Siku sita natembea kama niliyeporwa, kwa ajili ya ile sumaku. Jumapili nalipiza kisasi."

"Lipiza, mpenzi. Mimi nitatembea nyuma niokote zitakazodondoka."

Lakini hakutembea nyuma. Alimweka kulia. Wakivuka barabara anazunguka ili mwanamke awe kulia. Wakikaa, kulia. Mtaalamu aliona ni adabu ya mwanamume anayemkinga mwanamke na magari. Siku magari yalipokuwa upande wa kulia, na bado akawekwa huko, akaelewa kuwa ni sikio.  Akaingiza tu mkono wake kwenye mkono wa fundi na kuubana.

Jicho lilipopona, siku ya MRI ikafika. Mtaalamu aliisifia ile mashine kama mtu anavyomsifia mwanawe.

"Ya zamani ilikuwa dakika arobaini, na ukimeza mate picha inatikisika. Hii dakika kumi na mbili. Kompyuta inasafisha picha yenyewe, inaona mshipa mwembamba kama uzi wa cherehani. Kitu cha milimita mbili hakijifichi."

"Na nikiogopa?"

"Una kengele mkononi. Na mimi nipo sikioni, kulia."

Akalazwa, akaingizwa kwenye tundu. Mashine ikaanza kugonga kama karakana ya wehu. Kwa mtu aliyeishi na nyundo, ile ilikuwa kama kurudi nyumbani. Katikati ya makelele sauti ikaja sikio la kulia: "Usitikisike, mpenzi wangu. Bado dakika tatu."

Nyuma ya dirisha la kioo, kando ya Mtaalamu, alikuwepo mkuu wa idara. Alilisikia neno lile.

Cheche alipotoka, akamkuta Mtaalamu amekuwa mwanamke mwingine. Uso umefungwa kama geti.

"Tumemaliza. Daktari atakupigia."

"Umeona nini?"

"Daktari atakupigia, Cheche."

"Nakuuliza wewe."

"Na mimi nimekujibu."

Siku hiyo alipiga simu mara sita, haikupokelewa. Siku ya pili mara nne. Ukaja ujumbe mmoja: Msubiri daktari. Siku ya tatu hospitali ikampigia, aende Ijumaa saa nane mchana. Mtaalamu, kimya.

Cheche akajumlisha kwa hesabu yake mbovu. Ameona ndani ya kichwa changu. Ameona mtu nusu, akakimbia. Kama anayenipenda amekimbia, huko kwa daktari naenda kuchukua nini?

"Ijumaa siendi," alimwambia dada yake.

"Huendi wapi?"

"Kama nakufa, nitakufa nikiwa kazini."

"Sikiliza, mdogo wangu. Huyo wifi yangu alikuzuia mlangoni mbele ya watu hamsini ili usipofuke. Mwanamke wa namna hiyo hakimbii kwa siku tatu. Ana sababu. Wewe ndiye unayekimbia, tena umesimama."

Hakusikia, na safari hii si kwa ugonjwa.

Ijumaa saa sita alikuwa ameinama kwenye geti, amevaa miwani, cheche zinaruka. Mtaalamu aliingia karakanani na sare yake ya kijani, akasimama kushoto kwake, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu. Alifuta macho, akaendelea. Dada alikuwa dirishani kwake na alisikia yote. Cheche akamaliza kipande, akazima mashine, akageuka kuchukua nondo.

"Umekuja lini?"

Mtaalamu akamtazama, kisha akacheka huku machozi yanamtoka. Akazunguka kulia.

"Nimemaliza kusema yote."

"Rudia."

"Sirudii. Vua glavu, twende kwa daktari."

"Na wewe? Umerudi kuniangalia nimefika wapi?"

"Nyamaza nikwambie. Mkuu alinisikia nikikuita mpenzi. Aliniuliza, nikamwambia ukweli: huyu ni mtu wangu. Ni kosa kumpiga picha mtu wako bila kusema. Nimepewa barua. Nimeondolewa kwenye mashine mpya miezi mitatu, nitapiga eksirei za vifua."

"Na simu?"

"Ningepokea ungeniuliza umeona nini. Siruhusiwi kusema, na kukudanganya siwezi. Mimi napiga picha, anayeisoma ni daktari. Ningekupa nusu neno, ukae nalo siku tatu likikutafuna. Nikachagua kunyamaza." Akavuta pumzi. "Nilikosea. Ningekuja nikae tu hapa kwenye kile kiti kibovu, bila kusema. Hilo sikulifikiria."

Cheche akavua glavu moja, kisha ya pili.

"Mimi nilidhani umeona mtu nusu."

"Nimekuona hadi ndani ya fuvu, fundi. Hakuna mwingine aliyewahi kukuona vile, na bado nimekuja kwa miguu juani."

"Wifi!" dada akapaza sauti kutoka dirishani. "Asipotembea, mburute. Kola nimeishona mwenyewe, haichaniki!"

Wakaenda. Daktari wa upasuaji hakuzungusha maneno. Akageuza kioo cha kompyuta, akawaonyesha punje nyeupe kwenye mshipa wa kusikia, upande wa kushoto.

"Nundu ya milimita tisa. Si saratani. Inakua polepole, lakini inakua. Jirani yake ni mshipa wa uso, ukiumia uso hupinda. Tungeiona baada ya miaka miwili, ningekuwa naogopa. Kwa mashine ya zamani tungekuwa tunabishana kama ipo. Sasa naiona pembe zake zote, najua pa kupita. Unaweza kusubiri tukupime kila miezi sita. Tunaweza kuichoma kwa mionzi. Au niitoe. Nikiitoa, nina matumaini makubwa kwamba uso hautapinda. Sikio la kushoto halitarudi."

"Lilishaondoka, daktari."

"Lililobaki nalo litaondoka. Kimya kabisa."

Cheche akamtazama Mtaalamu. Alikuwa amekaa kulia, amemshika mkono.

"Mimi ni fundi," Cheche alisema. "Kutu haisubiriwi. Itoe."

Wakapewa fomu. Cheche akaijaza taratibu, safari hii bila haraka. Magonjwa mengine: hapana. Chuma jichoni: ndiyo, kimetolewa, kipo kwenye kichupa. Mtu wa karibu: akaandika. Uhusiano: akaandika. Akamsogezea Mtaalamu.

Akasoma, akainua macho.

"Hapa umeandika nini?"

"Unajua kusoma."

"Mchumba. Umenichumbia lini?"

"Sasa hivi."

"Cheche, wewe na fomu hamjawahi kuambiana ukweli."

"Kata basi, kama ni uongo. Kalamu hiyo."

Daktari akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Mtaalamu akachukua kalamu. Akaipeleka kwenye lile neno, akaishikilia hapo hadi fundi akaanza kutoka jasho. Kisha akashuka mstari mmoja, akaandika namba yake ya simu, kubwa, ya kusomeka.

Upasuaji ulichukua saa sita. Uso haukupinda. Alipoamka, kitu cha kwanza alichosikia ni bangili zikigongana, upande wa kulia. Mtaalamu alikuwa amezivaa zote, siku ya kazi.

Na gharama yake ni hii. Sikio moja, la kushoto, lote. Kovu nyuma yake, refu kama kidole. Wiki tisa bila kushika grenda. Kwa Mtaalamu, miezi mitatu ya eksirei za vifua na barua moja ambayo haitatoka kwenye jalada lake. Na yale maneno aliyoyasema karakanani, amesimama kushoto: mwenyewe alikataa kuyarudia, na dada, aliyeyasikia yote, alisema si yake kuyasimulia. Hayo Cheche hakuyapata.