Mlango Uliofunguka Wenyewe

Kila alipotoka shule, Chiriku alichukua ufunguo kwa mama na kwenda chumba cha nyuma kuangalia mashine ya kutotolesha vifaranga. Jina hilo alilipata kwa domo lake, maana hakunyamaza hata akila. Wiki hii, lakini, alikuwa kimya kama maji mtungini.

Alifungua chumba. Mlango wa mashine ulikuwa wazi tena.

"Mama! Njoo uone!"

Mama alikuja mbio, akamulika yai kwa tochi. Juzi kivuli cha ndani kilikuwa kikichezacheza. Sasa kilikuwa kimetulia tuli. Akamulika la pili, nalo vilevile.

"Makubwa haya!" alinong'ona, akaufunga mlango. "Hebu tazama kompyuta inayopima joto la mashine inasemaje."

Faili la vipimo vya joto lilikuwa na mstari mmoja tu, wa saa ile ile. Vya asubuhi na vya jana vyote vilikuwa vimefutika.

"Nani anafuta?" mama aliuliza. "Haya mayai yakifa yote, mwanangu, sina pa kuanzia."

Kwa jirani mashine ya kusaga ilinguruma kama kawaida. Nyuma yao mlango wa mashine ya vifaranga ukalia kwiii, ukafunguka polepole. Hapakuwa na mtu. Chiriku alidhani ni jini, akaangua kilio.

"Mama, anayefuta ni mimi!"

Alikuwa amecheza mpira mle ndani, ukagonga kitasa cha mashine, kikalegea, mlango ukaachia. Kompyuta ikaandika kwamba joto limeshuka. Kwa kuogopa kugombezwa, alibadilisha amri moja katika programu ya mjomba wake, fundi wa kompyuta. Zamani kila kipimo kiliongezwa mwishoni mwa faili. Sasa kila kipimo kipya kilifuta vya nyuma.

Mjomba aliitwa, akairudisha amri. Kesho yake mistari ilikuwa imejaa, ikionyesha kwamba joto lilishuka kila jirani aliposaga. Ukuta ulitikisika, kitasa kilicholegea kikaachia. Hakuna cha jini wala nini! Mjomba alikikaza kwa bisibisi.

Vifaranga wengi walitoka salama. Mayai yaliyokufa mama alimpa Chiriku kwenye ndoo, akayafukie mwenyewe.

"Kitasa tungekikaza siku ile ile," mama alimwambia. "Hawa wamekufa kwa sababu ulificha. Ukikosea, sema mapema. Nitakugombeza, basi, yataisha."

"Nisamehe, mama," alisema Chiriku, akaibeba ndoo kwa mikono miwili.