Rangi ya Baraza

Haya yalimpata shoga yangu Verlene, jirani yangu hapa Misisipi. Alinunua gitaa la besi la bei poa, ubao mtupu usio na uwazi ndani. Akalivika nyuzi mpya, kisha akalipaka lote rangi ya samawati iliyobaki baada ya kupaka baraza, ile tunayopaka ili mizuka isiingie nyumbani.

Otha, mpiga gitaa wake, akamcheka. "Dada'ngu, na kama mzuka ulishakuwemo humo gitaani, utatokaje?"

"Nyamaza wewe, nitafutie mpiga ngoma!"

Akapatikana, Lonzo. Jumamosi watatu hao wangepiga bluzi kwenye karamu ya samaki, ndoto ya Verlene tangu usichana.

Mazoezini dhoruba ikakata umeme, giza likajaa. Spika zilizima, lakini besi iliendelea kuunguruma polepole, na mikono ya Verlene ilikuwa mapajani. Lonzo akatoka mbio, Otha nyuma yake.

"Rudini, jamani! Mnaniacha na nani?"

Akakata nyuzi zote kwa koleo. Muungurumo haukukoma. Akachukua kisu, akaikwangua ile rangi huku analia, mpaka mkono ukachoka, akapumzika.

Kukwangua kukaendelea, kutoka ndani ya ubao.