Jasho la Duke Ascanio

Marumaru haitoki jasho. Titina alilijua hilo, maana kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa mtunzaji wa jumba lile la kale la Napoli. Lakini asubuhi ile sanamu ya Duke Ascanio, mtawala wa zamani aliyechongwa kichwa na mabega tu, ilikuwa na matone kwenye paji la uso.

Mtu wa kwingine angetimua mbio. Mnapoli anajua kwamba fuvu la marehemu asiye na mwenyewe likitoa jasho, roho yake imekusikia. Unalipangusa, unaliombea, nalo linakuombea. Bibi yake Titina alilea fuvu hivyo mpaka akafa. Na Titina alikuwa na shida, jamani, shida ya kumtoa mtu akili: Fortuna, binti yake wa pekee, alikuwa kitandani katika chumba chao cha langoni, mapafu yamekwisha, daktari ameshakata tamaa.

Akaipangusa sanamu kwa aproni. "Bwana wangu, mpe mwanangu pumzi."

Adhuhuri Fortuna akaomba tambi na maharage. Titina alilia kwa furaha. Jioni kijiko kikamponyoka binti.

"Mama, mkono siusikii."

Kesho yake ukafuata wa pili, kisha miguu. Pumzi ilikuwa safi, kichwa kizima, mabega mazima. Chini ya hapo mwili ulikuwa baridi kama sakafu, na chumba kikanuka maua yaliyooza.

Titina akamwita Donna Amalia, mwondoa vijicho wa mtaani. Kikongwe akadondosha mafuta kwenye sahani ya maji. Mafuta yakazama.

"Umemwomba nani?" akanong'ona.

"Duke wa ukumbini. Alitoa jasho, Donna Amalia, nikadhani…"

"Punguani wewe! Tunalea mafuvu ya maskini, yasiyo na jina. Maskini ukimpa hushukuru. Mtawala umemwona wapi akishukuru? Na hiyo wala si roho yake. Ni jini limejibanza kwenye jiwe, linatafuta mwili. Namfuata padri. Usiliombe tena, hata maji ya kunywa!"

"Na mwanangu je?"

"Funga mdomo, Titina. Dawa yako ndiyo hiyo."

Alijitahidi, masikini. Lakini Fortuna alipoanza kulia kwamba ubaridi unapanda shingoni, kwamba mama, unanifika kooni, mama usiniache, na padri haonekani, na kengele za kanisa zinalia na bado haonekani, Titina alipanda ngazi akijikwaa na kuinuka mpaka ukumbini, akaikumbatia ile sanamu iliyolowa chapachapa, akapiga yowe:

"Msimamishe kwa miguu yake! Msimamishe, nitakutumikia mpaka kufa!"

Marumaru ikakauka pale pale.

Kisha akasikia nyayo zikipanda ngazi, za mtu pekupeku, asiye na haraka. Fortuna akatokea mlangoni, amesimama wima, mashavu yamejaa damu. Titina alisahau sahani, alisahau kikongwe, akamkimbilia mikono wazi.

"Mwanangu! Fortuna wangu!"

Binti alimtazama toka kichwani hadi kwenye aproni.

"Titina," akasema, yeye ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kumwita mama yake kwa jina, "nani amekuruhusu kunigusa?"