Marahaba ya Kumi na Mbili

Alfajiri ile Maulida alisimama mlangoni mwa bweni, kama alivyosimama mama yake, na kama alivyosimama bibi yake kabla ya mama, akasema kwa sauti ya kufika kitanda cha mwisho: "Shikamooni, wazee wangu."

Halafu akahesabu.

Ndivyo nyumba yao ilivyoendeshwa tangu bibi yake, Biubwa, alipopokea wazee wa kwanza wasio na ndugu kule Kibuta, Kisarawe. Salamu moja, kisha kila mzee anaitikia kwa zamu, kitanda baada ya kitanda, na asiyeitikia anakimbiliwa. Bi Fadhila, mama yake Maulida, aliihamishia nyumba Kongowe, Kibaha, na salamu ikahama nayo. Sasa Bi Fadhila mwenyewe amepooza miguu, analala kitanda cha nane, anahesabiwa na mwanawe.

Wazee walikuwa kumi na mmoja. Marahaba zilikuwa kumi na mbili.

"Dada, usingizi huo," alisema Atupele, muuguzi, akicheka, jagi la uji mkononi. "Kanawe uso, uhesabu upya."

Maulida alitazama kitanda cha saba, kitupu tangu Mzee Eliya alipofariki. Shuka limenyooka. Harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa ilimpita puani. Naye, kwa utani tu, akatamka maneno ambayo kwao huambiwa kila mzee anayepokelewa: "Haya, wa kumi na mbili, karibu. Hapa ni kwako."

Chaga za kitanda cha saba zikalia taratibu, kama mtu aliyechoka anapokaa.

Wiki ile Mzee Mashaka aliacha kusema. Hospitali hawakuona ugonjwa. Alikula, alitazama, lakini neno halikutoka. Na bado alfajiri, zamu yake ilipofika, marahaba ilitoka kitandani kwake, kwa sauti yake ileile ya kukwaruza, naye midomo ameifumba na machozi yanamtiririka. Akafuata Bi Asha. Akafuata Mzee Khalfani. Hesabu haikupungua hata siku moja. Midomo ndiyo iliyopungua, tisa, sita, mitatu, na harufu ya udongo ikakaa kwenye mashuka, ikakaa kwenye uji, ikakaa kwenye nywele za Maulida hata alipoziosha mara mbili kwa sabuni ya kufulia.

"Mama, nikuhamishie chumbani kwangu," alinong'ona.

"Na wenzangu niwaachie nani?" alijibu Bi Fadhila. "Bibi yako hakuwahi kukimbia wazee wake."

Wakamwita Mzee Mwinyimadi, mganga wa Kibuta aliyemfahamu Biubwa. Alifukiza, akasoma, akauliza kitanda cha saba kinataka nini. Aliyejibu ni Mashaka, ila sauti haikuwa ya Mashaka.

"Mimi ni mzee. Umri wangu hamuwezi kuuhesabu. Sina mtoto, sina ndugu. Nilisalimiwa, nikakaribishwa, nikaambiwa hapa ni kwangu. Nyumba hii imewahi kumfukuza mzee?"

Mganga akafunika chetezo.

"Mwanangu, jini aliyevamia namtoa. Huyu mmempokea wenyewe." Akamvuta Maulida uani. "Mnyime salamu. Siku saba, bweni lile asisalimiwe mtu. Akikosa salamu atajiona si wa hapa, ataondoka, na sauti za watu ataziacha."

"Hata mama?"

"Hata mama. Ukisalimu mmoja, umewasalimu wote."

Siku sita Maulida aliingia kimya kama mwizi. Aliosha, alilisha, aligeuza migongo isiote vidonda, na wazee walimfuata kwa macho, wakisubiri, alfajiri baada ya alfajiri, neno moja ambalo hawakuwahi kulikosa tangu waingie pale. Kufikia siku ya sita aliyebaki na sauti ni Bi Fadhila peke yake, na Bi Fadhila alijua sharti, akawa anamkonyeza tu mwanawe.

Alfajiri ya saba, Maulida akiwa ameinama kumfunga Mashaka vishikizo, mgongo ameupa kitanda cha nane, alisikia mama yake akilia.

"Maulida. Nimekukosea nini, mwanangu? Ninakufa, na hunisalimii?"

Ilikuwa sauti iliyombembeleza utotoni, sauti iliyomfundisha salamu yenyewe, imechoka, imepasuka katikati, inamwita kwa jina, inamwita tena, na moyo wake ukakimbia mbele ya akili yake, na kabla hajageuka, kabla hajakumbuka kwamba mama alilijua sharti, mdomo wake ulikuwa umekwisha kusema:

"Shikamoo, mama."

Akageuka.

Bi Fadhila alikuwa amekaza macho, anatikisa kichwa, hapana, hapana, kiganja kimeziba mdomo usiotoa tena sauti.

Na zamu ikaanza, kutoka kitanda cha kwanza, marahaba baada ya marahaba, mpaka kumi na mbili, bila mdomo hata mmoja kufunguka.