Kamongo kwenye Kitako

Bastola saba kuukuu za jeshi zilikuwa kwenye kabati la Mzee Chenge, mtaa wa Mabatini, zote na leseni. Asubuhi ile ya Agosti 1996 zilibaki sita.

Inspekta Justa alikagua kufuli. Halikuvunjwa. Ufunguo ulikuwa mahali pake, chini ya redio.

"Ipi imeibiwa?"

"Ya chini, afande. Haina hata bei," alisema Mzee Chenge, fundi silaha mstaafu wa jeshi.

"Mwizi kaacha za bei, kachukua isiyo na bei?"



Kila bastola ilifungiwa kadi: ilitumika wapi, ilibadilishwa nini. Kadi ya saba ilikuwa imekwenda nayo. Justa akafungua daftari la nakala.

"'Kagera, 1979. Kifyatulio kimelainishwa. Kitako cha mbao, kimechongwa samaki, kamongo.' Hapa umefuta jina. Kwa nini?"

"Wino ulimwagika."

"Wino haukwangui karatasi kwa wembe, mzee. Ina risasi?"

"Tatu. Niliiacha kama nilivyoikuta. Kifyatulio chake ukigusa tu, inalia."

Justa alitazama kufuli tena. "Nani huingia humu?"

"Akelo tu, anayenifulia. Mjane, mpole sana."

"Kwao wapi?"

"Shirati. Leo kaomba ruhusa, anasafiri."

Justa akainua karatasi dirishani. Chini ya mkwaruzo herufi zilisomeka: Luteni Ojuok, Shirati.

"Twende stendi. Na wewe panda!"

Basi la Musoma lilikuwa linanguruma, abiria wamejaa. Mlangoni konda alivutana na mama mmoja mwembamba.

"Kapu juu, mama! Nitalirusha mwenyewe!"

"Konda, usiguse!" Justa alipaza sauti. Akasogea polepole. "Shikamoo, mama Akelo."

"Marahaba, mwanangu." Macho yake yalikuwa kwenye sare.

"Nipe hilo kapu. Taratibu."

Chini ya dagaa, ndani ya kanga, bastola ilikuwepo. Justa alitoa risasi moja moja. Ndipo akapumua.

"Ulitaka kumpiga nani?"

"Kumpiga?" Akelo alishangaa. "Huyo kamongo mume wangu alimchonga mwenyewe, likizo ya mwisho. Nilimshikia koroboi. Miaka miwili namfulia huyu mzee mashati. Juzi natafuta pasi, nafungua kabati, namwona samaki wetu."

"Ukaiba."

"Nimeiba. Jeshi lilisema amepotea vitani. Wazee wakasema tuzike tunda la mti wa mwegea badala ya mwili, ndiyo mila yetu. Mama mkwe akakataa. Tunda halikumjua mwanawe. Sasa yuko kitandani, hali chakula tena. Nilitaka kitu mwanawe alichokishika, tuzike kabla mama hajafa."

Justa alimgeukia Mzee Chenge. "Na wewe?"

Mzee alitazama viatu vyake. "Nilimzika mimi, kule Kagera, karibu na daraja. Sikuripoti. Leseni niliipata kwa kudanganya. Ningeripoti, bastola ingerudi ghalani. Niliipenda, afande."

"Miaka kumi na saba," Akelo alisema. "Na chai ulikuwa unanipa."

Justa alitoa sarafu, akafungua skrubu za kitako. Vipande viwili vya mbao vikamwangukia kiganjani.

"Chuma ni ushahidi. Mbao hizi si silaha." Akampa Akelo. "Jumatatu uje kituoni kuandika maelezo. Mzee, wewe rudi garini. Utatuchorea ramani ya hilo daraja na kaburi."

Akelo alifunga mbao kwenye kanga. Konda hakupiga kelele tena. Alilibeba kapu mwenyewe mpaka kwenye kiti.