Fundi Aliyepigia Kura Mshono Wake

Mawingu yalipoanza kujikusanya, fundi cherehani aliacha kushona. Alimwita mumewe, na wawili wakainyanyua cherehani wakaiweka juu ya meza ya kukatia. Mama mkwe alikusanya nguo za wateja akazirundika kitandani kwake. Kisha wote watatu wakaketi kusubiri maji.

Chumba cha kazi kilikuwa chini, kikitazamana na barabara. Kando ya mlango ulipita mtaro. Mtaro ulijaa mchanga, chupa na mifuko ya plastiki, na kila mvua kubwa iliponyesha maji yaliona afadhali yapite mlangoni. Ukutani palikuwa na mstari wa chaki. Fundi aliuchora mahali maji yalipofika msimu uliopita. Msimu ule alipoteza majora ya vitambaa vya sare za shule, na kuna bwana harusi mmoja ambaye hajamsamehe kwa suruali yake mpaka leo.

Siku hiyo maji yalifika kwenye kizingiti, yakasita, yakarudi.

"Yakiingia tena, nafunga," fundi alisema. "Nani ataleta nguo mahali panaponuka mtaro?"

Hakuwa anatania. Cherehani hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba. Mumewe alikuwa fundi rangi, na kazi ya rangi hupatikana kwa msimu.

Mvua ilipokatika, jirani yao wa ng'ambo ya barabara aliruka madimbwi akaja kuchukua sketi yake. Alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Mama mkwe alikuwa mwanafunzi wake, mkongwe kuliko wote darasani na mbishi kuliko wote.

"Uchaguzi wa diwani umekaribia," mwalimu alisema huku akiitazama sakafu. "Mtamchagua nani?"

"Wote watatu siwajui," mume alijibu. "Nitasikiliza kazini wanampa nani, nami nitampa huyohuyo."

"Mimi nampa wa kwanza kwenye karatasi," mama mkwe alisema. "Siku zote. Wa kwanza ndiye mkubwa. Hata mezani mkubwa hupakuliwa kwanza."

"Bibi, majina yale yamepangwa kwa alfabeti. Wa kwanza ni wa kwanza kwa sababu jina lake linaanza na A."

Mama mkwe alihesabu chaguzi zake kwa vidole.

"Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikiichagua A?"

"Ndiyo, bibi."

"Na nilikuwa hata sijaijua!"

Walicheka. Mwalimu akamgeukia fundi.

"Na wewe? Mara iliyopita ulimpa nani?"

"Bwana Suti." Ndivyo watu wa mtaa walivyomwita diwani wao.

"Kwa nini?"

Fundi aliokota uzi uliokuwa sakafuni. "Alipendeza, mwalimu. Siku ile ya mkutano alisimama jukwaani, kola imemkaa, mabega yamenyooka. Nikasema, huyu anajiheshimu, atatuheshimu na sisi."

"Suti ile ilishonwa na nani?"

"Na mimi."

"Yeye mwenyewe ulikuwa unamjua?"

"Namjua kiuno, kifua na urefu wa mkono."

"Basi yeye hukumpigia kura," mwalimu alisema. "Uliupigia kura mshono wako."

Mume aliangua kicheko, lakini fundi hakucheka. Aliona aibu, na alipoutazama ule mstari wa chaki aibu ikageuka hasira.

"Hata hivyo," mama mkwe alisema, "zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tumrudishe Bwana Suti."

"Mama, limeshatubakiza nini?" mwanawe alimuuliza. "Maji yako mlangoni!"

Mwalimu aliketi kwenye kigoda cha wateja.

"Msijilaumu sana," alisema. "Katika uchaguzi mkubwa, redio inawazungumzia wagombea kutwa kucha. Katika uchaguzi mdogo kama huu, hakuna anayetueleza kitu. Basi tunashika kilicho karibu. Huyu ana sura nzuri. Yule tunasali naye. Huyu jina lake nimewahi kulisikia. Yule katupa fulana. Tukifika kwenye karatasi, tunabahatisha."

"Sasa mtu atafanyaje?" fundi aliuliza. "Siwezi kuishi nao ndiyo niwajue."

"Ukitaka msaidizi hapa kazini, unamwangalia viatu?"

"Viatu vya nini? Nampa kipande cha kitambaa akunje pindo. Pindo linasema lenyewe."

"Na kabla ya hapo?"

"Namuuliza fundi aliyewahi kufanya naye kazi."

"Basi fanya hivyohivyo. Kwanza ujue kazi ya diwani ni ipi. Diwani anaketi kwenye baraza linaloamua mtaro upi usafishwe, barabara ipi ichongwe, taka zizolewe lini. Anapeleka shida zenu kule, na anauliza fedha zenu zimefanya nini. Akikuahidi makubwa yasiyo ya baraza lake, jua anajipamba tu. Pili, waulize waliofanya naye kazi. Tatu, wape wote kipande kimoja cha kitambaa."

"Yaani?"

"Swali moja, lilelile kwa wote. Kisha linganisha pindo."

Swali halikuwa la kutafuta. Mtaro wetu umeziba. Utafanya nini, na kwa njia gani?

Wa kwanza kulijibu alikuwa Bwana Suti, kwa kuwa alikuja mwenyewe. Suruali ilikuwa imembana kiunoni. Fundi alimzungushia futi ya kupimia, akamuuliza.

"Mtaro unashughulikiwa, mama," alisema Bwana Suti.

"Na nani, mheshimiwa?"

"Na wahusika."

"Umeshaupeleka kwenye kikao cha baraza?"

Bwana Suti alijitazama kwenye kioo, akageuka upande, akajitazama tena.

"Hapa begani," alisema, "naona kama panavuta kidogo."

Fundi alilegeza bega. Kazi ni kazi, na yule ni mteja.

Wa pili alikuwa fundi bomba, na mume alimfurahia hata kabla ya kumsikia. "Mtaro ni maji, na maji ni bomba!" alisema. "Tunatafuta nini tena?" Wakaenda kumsikiliza uwanjani. Bomba, kama watu walivyomwita, alikuwa na sauti nzito na maneno matamu. Aliahidi hospitali, daraja na chuo kikuu. Fundi aliponyoosha mkono na kuuliza habari ya mtaro, Bomba alicheka.

"Huo mdogo! Nitauzibua kwa mikono yangu, siku moja!"

Watu walipiga makofi. Mume naye alipiga, kisha akakumbuka akaacha. Kesho yake aliwauliza wenzake wa ujenzi. "Fundi mzuri," walimwambia. "Lakini umwite leo, atakuja mwezi ujao, na atakuja bila spana."

Wa tatu alikuwa mama aliyesimamia stoo ya hospitali. Watu walimwita Mama Stoo. Alikuja kwa miguu akibisha hodi nyumba hadi nyumba. Alivaa koti la kijani, na pindo la koti lile lilikuwa limepanda kulia na kushuka kushoto. Fundi alijaribu kumtazama usoni. Macho yalirudi kwenye pindo.

"Mtaro," Mama Stoo alisema. "Kwa kweli sijui umeziba kwa nini. Nipeni mpaka keshokutwa."

Alipoondoka, mama mkwe alisonya. "Anaomba kura na hajui!"

"Na koti lile," fundi alisema. "Mtu atashindwaje hata kunyoosha pindo?"

Keshokutwa Mama Stoo alirudi. Viatu vyake vilikuwa na tope mpaka kwenye kisigino. Alikuwa ameufuata mtaro wote mpaka mwisho.

"Tatizo si hapa kwenu," alisema. "Mtaro umeziba kule chini, nyuma ya maghala. Kuna kalavati, lile tundu la kupitishia maji chini ya barabara, limejaa mchanga juu mpaka chini. Mkizibua hapa tu, mnajichosha bure. Nimeuliza pia ofisi za baraza. Mitaro ya kusafishwa hupangwa kabla ya mvua. Wa kwenu haumo kwenye mpango, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuombea."

"Kwa hiyo wewe utausafisha?" mume aliuliza.

"Siwezi kuahidi hivyo. Kura yangu kule ni moja kati ya nyingi. Naahidi kuupeleka kwenye kikao cha kwanza, kisha nije hapa niwaambie walichosema, hata kama wamekataa. Na ninyi mje kikaoni. Kiko wazi kwa kila mwananchi. Diwani akisema peke yake, wenzake wanasinzia. Akiwa na watu nyuma yake, wanaamka."

Mama mkwe alimtengea kigoda. Kigoda kile hakumtengea kila mtu.

Fundi hakuridhika bado. Alimuuliza muuguzi mmoja, mteja wake, ambaye alifanya kazi hospitali ileile.

"Mama Stoo?" Muuguzi alikunja uso. "Mkali kama pilipili. Mwaka wa kwanza tulimchukia wote. Lakini tangu aje, hatujawahi kuishiwa glavu."

Siku ya kura foleni ilikuwa fupi, kwa kuwa wengi waliona diwani ni jambo dogo. Fundi aliingia kwenye kibanda cha kupigia kura akaikunjua karatasi. Picha tatu zilimtazama. Bwana Suti alikuwa amevaa suti ileile. Kola ilikuwa imemkaa vizuri ajabu, na fundi alihisi moyo wake ukimwendea kama mama amwonavyo mwanawe kwenye umati. Mama Stoo alikuwa chini kabisa, amevaa koti la kijani. Pindo halikuonekana pichani, lakini fundi alilijua lilipo.

Aliweka alama yake, akaikunja karatasi, akaitumbukiza kwenye sanduku.

Mama mkwe alikaa ndani muda mrefu mpaka msimamizi akakohoa. Alikuwa akisoma majina yote, moja moja, kwa kidole. Alipotoka, mwanawe alimuuliza amempa nani.

"Kura ni siri," alisema. "Lakini A safari hii hakupata kitu kwangu."

Mama Stoo alishinda kwa kura chache sana. Baada ya kikao cha kwanza alibisha hodi kwa fundi.

"Wamekataa," alisema. "Wanasema fedha zimeshapangwa kwingine."

Mume alikasirika. Akasema wote ni walewale, suti au koti. Fundi alilifikiria jambo moja. Bwana Suti hakuwahi kuja kusema amekataliwa. Kwa kikao kilichofuata alifunga chumba, akamchukua mume, mama mkwe, mwalimu na majirani wa pande zote mbili, wakaenda kukaa kwenye benchi za nyuma. Mama Stoo aliposimama kuusema mtaro, madiwani waligeuka kutazama benchi zile. Mama mkwe aliwatazama pia, mmoja mmoja, kama anayesoma majina. Hoja ikapita.

Vijana wa baraza walikuja na sepetu. Walianza kule chini, nyuma ya maghala, wakatoa mchanga wa miaka kutoka kwenye kalavati, wakaendelea kuusafisha mtaro wakipanda mpaka mlangoni kwa fundi.

Mawingu yalipojikusanya tena, fundi aliacha kushona. Walinyanyua cherehani wakaiweka juu ya meza. Mama mkwe alirundika nguo kitandani. Wakaketi kusubiri.

Mvua ilipiga bati mpaka wakawa hawasikilizani. Maji yalikuja kwa kasi kutoka juu ya barabara. Yalifika mlangoni, yakaingia mtaroni, yakapita yakinguruma kuelekea chini. Mama mkwe alisimama kwenye kizingiti akayatazama kama anayemtazama mgeni msumbufu aliyeamua kwenda kwa jirani.

"Yamepita," alisema. "Mwanangu, njoo uone. Yamepita."

Fundi alikuja akaona. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye chaki. Kisha akasema, "Haya, shusheni mashine. Nina sare za watu."

Msimu ulipokwisha, Mama Stoo alipita tena akiwa njiani kwenda kikaoni. Alikuwa na koti lake la kijani. Fundi alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Mheshimiwa, vua hilo koti."

"Lina nini?"

"Lina pindo linaloninyima usingizi tangu uliponibishia hodi. Vua."

Mama Stoo alivua koti akacheka. Fundi alilifumua pindo, akalipiga pasi, akalishona upya taratibu. Alipolining'iniza lilinyooka kama rula. Akampa, akamtajia bei ileile anayomtajia kila mteja.

"Nashukuru, fundi," Mama Stoo alisema akijitazama kwenye kioo. "Uchaguzi ujao nitalivaa hili hili."

"Hapana!" fundi alisema. "Uchaguzi ujao vaa lolote jingine. Nataka nikuulize habari za kalavati, nisije nikauchagua tena mshono wangu."