Meli Iliyoungua kwa Chini

Meli yangu iliungua mwezi wa tatu. Majivu yake niliyachekecha mwenyewe, kwa vidole hivi.

Mwezi wa nane nikaikuta nzima... juu ya kabati la baba mkwe wangu, mjini Beni!

Imetandikiwa kitambaa cheupe cha kufuma. Ubavuni, kwa rangi nyekundu niliyoipaka mimi, imeandikwa MASIKA.

Na ndugu zangu mnaosoma, siku hiyo nilikuwa nimeenda kumwacha huyo huyo Masika, mke wangu.

Nilikuwa nimeshakaa. Nilikuwa nimeshapewa chai. Maneno yangu niliyapanga njia nzima tangu Butembo: "Papa, mutoto yenu minamurudisha kwa amani." Mafupi, ya heshima, tumemaliza.

Mtauliza nilihisi nini nilipoiona.

Sikuhisi kitu. Tangu moto ule nilikuwa hivyo. Mtu alie, mtu acheke, kwangu ilikuwa sawa tu. Chai ile ilikuwa inachemka bado, nikaimeza bila kupuliza.

Kwa msionijua, mimi ni Ananie, fundi wa meli ndogo. Nimezaliwa Kyavinyonge, baba yangu alikuwa anachonga mitumbwi ya wavuvi. Mimi nikapanda Butembo, nikaanza kuchonga za kuweka sebuleni.

Mnacheka? Butembo imejaa wafanyabiashara ambao mali yao inatoka China kwa kontena. Watu hao wanapenda meli juu ya kabati, na makontena ya karatasi ya rangi rangi, na jina la mke au la duka ubavuni. Bahari sijawahi kuiona hata siku moja. Natazama picha kwenye simu, nachonga. Hakuna mteja aliyewahi kunirudishia meli eti haifanani.

Shida yetu ni baridi. Ukungu wa Butembo unaingia mpaka kwenye nguo zilizokunjwa, na gundi haikauki, vernis ya kung'arisha mbao haikauki.

Kwa hiyo nina njia yangu. Naifunga meli kamba mbili, naining'iniza juu ya babula, lile jiko letu la makaa, makaa yakiwa yamefunikwa majivu. Nusu saa, si zaidi. Na sitoki kwenye chumba changu cha kazi, humo humo nyumbani, mpaka niishushe.

Hiyo ilikuwa sheria yangu. Miaka kumi na minne sikuivunja. Ndivyo nilivyoamini.

Meli ya MASIKA haikuwa ya mteja. Niliichonga miezi sita kwa ajili ya mke wangu. Watu walitaka kuinunua, nikakataa.

Siku ya moto ilikuwa Alhamisi. Watoto wako shule. Masika anapika maharagi kwa babula yake jikoni, kwa nyuma. Rafiki yangu Lukman, msafirishaji, akapiga honi barabarani.

"Ananie! Kuya uone camion yangu ya mupya! Dakika tano tu!"

Dakika tano za kutazama lori la Lukman zikawa saa mbili.

Niliporudi, hapakuwa na nyumba. Ilikuwa ya mbao, na chumba cha kupikia kilikuwa kimeegemea ukuta wake. Vyote vilikuwa majivu.

Masika alikuwa amekaa kwa jirani, mkono mmoja umezungushiwa kikwembe, kitenge chake. Aliniambia sentensi moja tu, akiniita kwa jina la mtoto wetu.

"Papa Faida, babula nilizima."

Nilikaa kwenye majivu yenye moto bado, nikatazama mikono yangu. Nyuma yangu majirani walikuwa wanasema: ni maharagi, ni maharagi, mwanamke ameacha maharagi motoni akaenda kuchota maji.

Jioni hiyo hiyo niliposti hapa mtandaoni. Mnaikumbuka ile picha ya majivu? Niliandika: "Miaka kumi na minne ya jasho, mke wangu ameichoma kwa sufuria ya maharagi. Asante Masika."

Watu mia tisa waliitikia! Wengine vicheko, wengine machozi. Wengi wenu mlikuwepo, mkaandika:

"Huyo ni mchawi."

"Wanawake wa siku hizi, simu mkononi, sufuria inaungua." Masika ana simu ya vitufe, ila nani aliuliza?

Na Lukman, rafiki yangu wa damu: "Kaka, rudisha ule mutu kwao mbele ya kukuunguza na weye."

Majirani walimsomea yote. Kesho yake alichukua watoto, akapanda gari la Beni. Hakunitukana. Hakubamiza hata mlango, maana mlango wenyewe haukuwepo.

Miezi mitano nimelala kwa kaka yangu Maliro. Nakula nikiambiwa kula. Kisu changu nilikipata kwenye majivu bila mpini, nikakifunga tambara, nikakitia chini ya godoro. Wateja walipiga simu, nikaiacha ilie mpaka inyamaze.

Sasa turudi kwenye ile salon, sebule ya kule Beni.

Papa Gamaliel, baba mkwe wangu, alikuwa kwenye kiti chake. Bénite, dada yake Masika, amesimama na thermos ya chai. Lukman yuko kando yangu. Ndiye aliyenileta kwa gari lake, awe shahidi.

"Papa," nikasema, nikiionyesha meli kwa kidole, "ile bateau..."

"Bateau gani?"

Alikuwa anajua vizuri sana ni ipi.

"Ile pale. Iliungua ile."

"Kama iliungua, minaiona namna gani?"

Lukman akaruka kutoka kwenye kiti!

"Ananie! Kumbe aliitoa mu nyumba mbele ya moto! Muke alijua moto itakuya! Papa, mutoto yenu alichoma ile nyumba kusudi!"

"Lukman, hapana kusema vile mu nyumba yangu!"

"Lakini bateau ndiyo inasema, Papa! Hapana mimi!"

Pazia la jikoni likafunguka. Masika.

Amekonda. Hakunitazama mimi, alitazama kabati, na uso ukabadilika.

"Papa! Nilikukataza kugusa ile kitu!"

"Miezi tano iko mu valise yako, imefungwa mu kikwembe," mzee akasema polepole. "Minakuuliza, unanyamaza. Leo bwana yako anakuya kukuacha. Nikasema niiweke pale, tuone nani ataongea."

"Hakuna wa kuongea. Irudishe, Papa."

"Aongee!" Lukman akapaza sauti. "Aseme aliitoa saa ngapi!"

Masika akageukia pazia la jikoni.

Na mimi? Kichwani nilikuwa nasema, sawa, alichoma. Aliokoa yenye jina lake, nyingine akaziacha. Sawa. Hata hasira haikuja. Nilitaka tu kuishika, kama fundi anavyotaka kushika kazi yake.

Nikasimama. Nikaishusha. Nikaigeuza.

Jamani...

Tumbo lote lilikuwa jeusi.

Hapo nisikilizeni vizuri, maana hiki ndicho kitu pekee ninachokijua duniani. Nyumba ikishika moto na kitu kiko mezani, moto unakiangukia kutoka kwenye paa. Juu ndiko kunakotangulia. Meli hii juu ilikuwa salama. Makontena yake ya karatasi yalikuwa na rangi zao zote, bluu, kijani, nyekundu.

Iliyoungua ni chini tu. Vernis ilikuwa imechuruzika, matone yake yameganda meusi chini ya tumbo. Na mbele na nyuma, zile kamba zangu mbili zinazopita chini ya tumbo. Moja ilikuwa imekatwa na moto.

Meli hii iliungua ikiwa inaning'inia juu ya babula.

Tone la vernis likianguka kwenye makaa, linaruka na moto wake. Na chumba cha fundi wa mbao, maranda yako kila mahali.

Lukman ndiye aliyeongea, na safari hii kwa sauti ya chini.

"Ananie... ile siku nilikuita, ulitoka na vernis ku mikono. Ulinisalimia na kiwiko."

Ndiyo. Nilimsalimia kwa kiwiko.

Hapo nikakumbuka yote. Nimetoka kupaka vernis. Nimeitundika sasa hivi. Honi ikalia, nikajisemea moyoni: dakika tano, nikirudi naishusha.

Nilimtazama mke wangu.

"Mama Faida... ulijua?"

"Nilitoka kuchota mayi, nikaona moshi inatoka mu chumba yako. Hapana mu jikoni. Nikaingia. Chini ilikuwa inawaka, na maranda imeshika moto. Nikaikamata na mukono, nikakimbia."

Akafungua kiganja cha kulia. Ngozi yake ilikuwa inang'aa, imekunjamana, vidole viwili havinyooki.

Mkono ule niliuona siku ile ukiwa umefungwa kikwembe. Sikuuliza. Miezi mitano, sikuuliza!

"Sababu gani haukusema?"

"Nilikuambia babula nilizima. Haukusikia." Akavuta pumzi. "Ile ya chumba yako na bateau, nilificha. Nilikuona umekaa mu majivu unatazama mikono yako. Nikajiambia, huyu akijua ni mikono yake ilifanya, hatashika kisu tena. Afadhali anikasirikie mimi. Hasira itaisha, atachonga."

Bénite akaweka thermos chini, akafuta macho.

"Lakini sikujua utaniandika kwa batu bote, Papa Faida. Ile sikujua."

Nilipiga magoti. Meli bado iko mikononi.

"Pardon, Mama Faida. Pardon, Papa."

Papa Gamaliel akakohoa. Niliona kwamba yeye ameshalegea.

"Mukwe wangu, utaleta mbuzi. Batu ya kwenu na ya kwetu, tutakaa, tutakula, neno litaisha."

"Nitaleta, Papa. Hata kesho."

"Hapana," Masika akasema.

"Mwanangu..."

"Hapana, Papa. Mbuzi, batu ya humu ndani ndiyo watakula. Na bale mia tisa walinicheka, wao watakula nini?"

Masika akarudi jikoni, pazia likaanguka nyuma yake.

Tulirudi Butembo, meli ikiwa mapajani mwangu. Mahali fulani njiani ulimi wangu ukaanza kuuma, ule niliouunguza kwa chai. Uliuma kweli kweli. Kitu cha kwanza kuniuma tangu mwezi wa tatu! Nikaanza kulia. Nililia mpaka Lukman akasimamisha gari kando ya barabara, akazima mota, akaniacha nimalize.

"Na mimi niliandika," akasema baadaye.

"Minajua."

"Nitafuta ile comment."

"Usiifute. Andika ingine chini yake."

Sasa mnajua kwa nini mnasoma hili leo. Ile picha ya majivu sijaifuta, iko pale pale, na maneno yangu ya aibu. Nani awe shahidi wangu kama si ninyi mia tisa?

Somo nililopata halihitaji maneno mengi. Ukimchafulia mtu jina mbele ya umati, usiende kumwomba radhi chumbani ukadhani umemaliza. Rudi pale pale ulipomchafulia, na watu wale wale, useme kwa sauti ile ile. Mimi nilimpigia Masika kelele sokoni, kisha nikataka kumsafisha kwa kunong'ona nyumbani kwa baba yake.

Na wewe unayesoma habari ya nyumba ya mtu ukaandika "mchawi" kisha ukaendelea na chai yako, ujue kuna jirani atakayemsomea.

Jumapili hii Bénite atakaa na Masika, amsomee andiko hili na majibu yenu, moja baada ya jingine. Nimemwomba asiruke hata moja. Kwa hiyo kabla ya kuandika hapo chini, jua unaandika kwa nani.

Kama atarudi, sijui. Hakuniahidi kitu, na sistahili kuahidiwa.

Asubuhi nimetoa kisu chini ya godoro. Nimekichongea mpini wa kwanza, umetoka mbaya, mkono umezoea kulala. Nitachonga mwingine. Meli nimeiweka dirishani, na lile tumbo jeusi sitalipaka rangi. Gundi nitakausha juani, hata kama jua la Butembo linachukua siku tatu.

Ila hili nataka lisomwe Jumapili kwa sauti, Bénite, hata kama mengine utachoka.

Alhamisi ile Masika alitoa maharagi motoni yakiwa yameiva. Akamwagia makaa maji. Ndipo akachukua bidoni, dumu letu la maji, akaenda kuchota.

Babula yake aliizima. Iliyowaka ni yangu.